Ukaguzi wa uvujaji wa kiyoyozi cha gari

Ukaguzi wa uvujaji wa kiyoyozi cha gari ni kazi ya kutafuta mahali ambapo gesi ya kupozea inatoka katika mfumo wa kiyoyozi cha gari. Gesi hiyo haiungui wala haitumiki kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hivyo mfumo ulio mzima unaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuongezwa chochote. Kiyoyozi kilichopungukiwa sana na gesi kwa kawaida kina tundu, ufa au mpira uliochoka mahali fulani.

Sehemu ya ukaguzi huu inaweza kufanyika nyumbani kwa vifaa vichache: tochi, maji ya sabuni, geji ya gesi na taa ya mionzi ya urujuanimno. Sehemu nyingine, hasa ile inayohitaji kutoa gesi au kujaza nitrojeni, ni kazi ya fundi mwenye mafunzo. Kwa wenye magari walio mbali na karakana za viyoyozi, kama wakazi wa Shumba katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, ukaguzi wa nyumbani husaidia kujua kama safari ya kwenda mjini inahitajika, na fundi aelezwe atazame wapi.

## Jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi

Mfumo wa kiyoyozi cha gari una sehemu kuu tano:

* Kompresa huzungushwa na mkanda wa injini, au kwa umeme katika magari ya haiblidi. Huvuta gesi yenye shinikizo dogo na kuigandamiza iwe na shinikizo kubwa na joto kali.
* Kondensa hukaa mbele ya rejeta. Hewa inayopita kati ya mapezi yake huondoa joto, na gesi hugeuka kuwa kimiminika.
* Kikaushio, ambacho mafundi wengi hukiita draya, huchuja uchafu na kunyonya unyevu.
* Vali ya upanuzi hupitisha kimiminika katika tundu dogo, na shinikizo hushuka ghafla.
* Ivaporeta iko ndani ya dashibodi. Humo kimiminika huchemka na kuwa gesi tena, kikichukua joto la hewa inayopulizwa na feni kuelekea kwa abiria.

Hewa yenye unyevu inapogusa ivaporeta iliyo baridi, mvuke wake hugeuka kuwa maji, kama yanavyoonekana nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Maji hayo hutoka chini ya gari kwa mpira mdogo. Kwa kuwa hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, gari lililosimama huku kiyoyozi kikifanya kazi huweza kuacha dimbwi dogo chini yake. Maji hayo si dalili ya kuvuja. Gesi ya kupozea haiachi maji, kwa kuwa inapotoka nje huyeyukia hewani mara moja.

Pamoja na gesi huzunguka oili maalumu ya kulainisha kompresa. Gesi inapovuja, hubeba kiasi kidogo cha oili hiyo. Gesi hutoweka, lakini oili hubaki mahali ilipotokea, na kazi kubwa ya ukaguzi wa macho ni kuitafuta alama hiyo.

## Aina za gesi

Kabla ya ukaguzi wowote ni lazima kujua gari linatumia gesi gani. Jibu liko kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi yaliyotumika Japani na kuletwa Tanzania yana vibandiko vya Kijapani, lakini jina la gesi huandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa mfano HFC-134a au R134a, na uzito wake huandikwa kwa gramu. Magari mengi madogo hubeba kati ya gramu 400 na 900.

* R-12 ilitumika katika magari hadi miaka ya 1990. Iliharibu tabaka la ozoni na sasa haitengenezwi kwa ajili ya magari.
* R-134a ndiyo iliyochukua nafasi yake, na ndiyo inayopatikana katika magari mengi ya Afrika Mashariki. Huchemka kwenye nyuzi −26 za Selsiasi katika shinikizo la kawaida la hewa.
* R-1234yf hutumika katika magari mapya zaidi. Inaweza kuwaka moto, ingawa si kwa urahisi kama gesi ya kupikia. Midomo yake ya kujazia ina umbo tofauti ili isichanganywe na R-134a.

Gesi ya kupikia haifai kutiwa katika kiyoyozi cha gari ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Hupoza kweli, lakini ikivuja kupitia ivaporeta huingia mahali walipokaa abiria, na cheche moja ya swichi au sigara yaweza kuwasha moto.

## Sababu za kuvuja

Mfumo wa kiyoyozi hauwezi kuziba kwa asilimia mia. Kiasi kidogo sana cha gesi hupita katika mipira na viungo kila mwaka. Uvujaji unaohitaji matengenezo hutokana na sababu zifuatazo.

Kuchoka kwa mipira. Viungo vya mabomba huzibwa kwa pete ndogo za mpira ziitwazo oringi. Joto la injini huzikausha na kuzipasua. Mpira wa shafti ya kompresa huchakaa vilevile, hasa gari linapokaa muda mrefu bila kuwasha kiyoyozi, kwa sababu oili haifiki kuulainisha.

Mtikisiko na mawe. Kondensa hukaa mbele kabisa nyuma ya bampa, na ukuta wa mirija yake ya alumini ni mwembamba. Eneo kubwa la Micheweni ni ardhi ya mawe ya matumbawe, na barabara zisizo na lami hurusha kokoto. Jiwe moja linaweza kutoboa mrija au kukunja mapezi.

Kutu ya chumvi. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba chembe za chumvi ambazo hutua kwenye kondensa na mabomba. Chumvi ikichanganyika na unyevu hula alumini, hasa mahali inapokutana na chuma, kama kwenye vibanio vya mabomba. Magari ya abiria yenye kiyoyozi cha nyuma yana mabomba marefu yanayopita chini ya bodi, mahali panaporushiwa matope na maji ya chumvi. Mabomba hayo huweza kutoboka wakati kiyoyozi cha mbele bado ni kizima. Gari linalobeba samaki ufukweni lina hatari hiyo hiyo, kwa kuwa maji ya bahari huchuruzika sakafuni.

Majani na uchafu. Majani yanayoingia kwenye tundu la hewa chini ya kioo cha mbele huweza kufika kwenye ivaporeta, yakashika unyevu na kuleta kutu.

Midomo ya kujazia. Kila mdomo una vali ndogo inayofanana na ile ya gurudumu. Uchafu ukikwama ndani yake, au kifuniko kikipotea, gesi hutoka polepole.

## Dalili, na hitilafu zinazofanana nazo

Dalili ya kawaida ni baridi kupungua kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Kompresa inaweza kuwaka na kuzima mara kwa mara, kwa sababu swichi ya shinikizo huikata gesi inapopungua. Gesi ikiisha kabisa, kompresa haiwaki, na hiyo ni kinga: bila gesi oili haizunguki, na kompresa ingejisaga.

Hata hivyo, kukosa baridi si uthibitisho wa kuvuja. Kabla ya kutafuta tundu ni vizuri kuchunguza mambo haya:

* Fyuzi na rilei ya kiyoyozi.
* Mkanda wa kompresa, kama umelegea au umekatika.
* Feni ya kondensa, kama inazunguka kiyoyozi kinapowashwa. Feni ikifa, gari hupoza likiwa mwendoni na huacha kupoza likisimama.
* Chujio la hewa ya ndani, ambalo likijaa vumbi huzuia hewa ingawa ivaporeta ni baridi.
* Mapezi ya kondensa, kama yamezibwa na matope au wadudu.

Ikiwa hewa inatoka kwa nguvu, feni inazunguka, fyuzi ni nzima, na bado hakuna baridi, ndipo uvujaji unapokuwa na uwezekano mkubwa.

## Usalama

Gesi ya kupozea ikitoka kwa kasi hugandisha ngozi na inaweza kuharibu jicho. Anayekagua anapaswa kuvaa miwani ya kinga na glovu. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, hivyo kazi hufanyika nje au penye upepo wa kutosha. Haifai kufanyika ndani ya shimo la kukagulia magari lisilo na hewa.

Moto na sigara haviruhusiwi karibu. Zamani mafundi walitafuta uvujaji wa R-12 kwa taa ya mwali wa moto iliyobadilika rangi ilipokutana na gesi. Njia hiyo haifai tena: gesi za aina hii zikipita kwenye moto hutoa sumu zinazochoma mapafu.

Katika magari ya haiblidi nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme mkubwa, ikiwemo unaoendesha kompresa. Hazifai kuguswa. Magari hayo pia hutumia oili isiyopitisha umeme. Kopo la gesi lililochanganywa na oili ya kawaida huweza kuharibu kinga ya umeme ya kompresa, na matengenezo yake ni ya gharama kubwa.

Injini huzimwa wakati wa kukagua viungo kwa mikono, kwa sababu mkanda na feni huweza kunasa nguo, kanga au kilemba. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, mradi ufunguo umewashwa.

## Njia za ukaguzi

### Kutazama kwa macho

Hii ndiyo hatua ya kwanza, na haihitaji chombo zaidi ya tochi na kitambaa cheupe. Mkaguzi hufuata mabomba kutoka kompresa hadi kondensa, draya, ukuta wa nyuma ya injini, kisha kurudi kompresa. Bomba la shinikizo kubwa ni jembamba na huwa la moto kiyoyozi kikifanya kazi. Bomba la shinikizo dogo ni nene na huwa la baridi.

Kinachotafutwa ni doa la oili. Barabara ya vumbi husaidia hapa, kwa maana vumbi hunata penye oili na kufanya ukoko mweusi au wa kahawia kwenye kiungo kimoja huku viungo vingine vikiwa vikavu. Kitambaa cheupe kikipanguswa chini ya kiungo huonyesha oili isiyoonekana kwa jicho. Doa lililo chini ya kompresa linahitaji uangalifu, kwa sababu oili ya injini au ya usukani nayo hudondoka huko.

### Kupima shinikizo gari likiwa limezimwa

Geji huunganishwa kwenye mdomo wa shinikizo dogo, ambao kifuniko chake kwa kawaida kina herufi L. Mdomo wa shinikizo kubwa una herufi H na ni mkubwa zaidi, hivyo kiunganishi cha L hakiingii hapo. Gari huachwa limezimwa kivulini kwa saa kadhaa hadi injini iwe na joto sawa na la hewa, kisha geji husomwa.

Katika mfumo uliotulia, R-134a iliyobaki kama kimiminika huwa na shinikizo linalotegemea joto peke yake:

* Nyuzi 24 za Selsiasi: takriban psi 79
* Nyuzi 27: takriban psi 88
* Nyuzi 30: takriban psi 97
* Nyuzi 33: takriban psi 107

Usomaji ulio karibu na namba hizi una maana kwamba bado kuna kimiminika ndani. Hauna maana kwamba mfumo umejaa. Mfumo wenye nusu ya gesi yake na mfumo uliojaa huonyesha shinikizo lile lile, kama mtungi wa gesi ya kupikia ambao shinikizo lake halishuki sana mpaka kimiminika kikaribie kwisha. Wengi hukosea hapa: huona psi 90 wakadhani hakuna uvujaji.

Usomaji ulio chini sana ya namba hizi, kwa mfano psi 30 siku ya nyuzi 30, una maana kwamba kimiminika kimekwisha na kilichobaki ni mvuke kidogo. Sifuri ni dalili ya tundu lililo wazi. Usomaji wa juu kuliko jedwali unaweza kuonyesha kwamba hewa imeingia ndani, au kwamba aliyejaza alitumia gesi nyingine.

### Maji ya sabuni

Sabuni ya kuoshea vyombo huchanganywa na maji kidogo hadi iwe nzito, kisha hupakwa kwa brashi kwenye viungo, midomo ya kujazia na mahali penye doa la oili. Mapovu yanayokua mahali pamoja ni alama ya gesi inayotoka. Uvujaji mdogo hutoa mapovu madogo kama povu la kahawa, na huchukua dakika kadhaa kuonekana, hivyo haraka haifai.

Njia hii huhitaji mfumo uwe na shinikizo. Mfumo ulioisha hautoi povu hata ukiwa na tundu kubwa. Haifai pia kwa ivaporeta, iliyofichwa ndani ya dashibodi, wala kwa uvujaji wa gramu chache kwa mwaka. Sabuni husuuzwa kwa maji baridi baada ya kazi ili isiache mabaki kwenye alumini. Maji ya kusuuzia yawe matamu, kwani visima vilivyo karibu na pwani vinaweza kuwa na maji ya chumvi.

### Rangi ya kung'aa

Rangi maalumu inayong'aa chini ya mionzi ya urujuanimno huingizwa katika mfumo na kuchanganyika na oili. Magari mengine hutoka kiwandani yakiwa nayo tayari. Gari huendeshwa kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na baada ya saa chache, au siku kadhaa kwa uvujaji mdogo, hukaguliwa gizani kwa taa ya mionzi hiyo. Mahali panapovuja hung'aa kwa rangi ya kijani au njano.

Muda mzuri ni baada ya magharibi, kwa sababu jua la mchana hufunika mng'ao. Rangi itumike kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na iwe inayolingana na oili ya gari. Mabaki yaliyomwagika wakati wa kujaza hufutwa kabla ya ukaguzi, la sivyo mdomo wa kujazia utang'aa na kudhaniwa kuwa ndio unaovuja.

Kwa ivaporeta, taa humulikwa kwenye mpira wa kutolea maji. Maji yenye mng'ao yakionekana hapo, uvujaji uko ndani ya dashibodi.

### Kipimo cha umeme

Kipimo cha umeme hunusa gesi na kulia sauti inayoongezeka kadiri ncha yake inavyokaribia tundu. Vipimo bora huweza kugundua uvujaji wa gramu chache kwa mwaka. Ncha hupitishwa polepole chini ya kila kiungo, kwa kuwa gesi ni nzito na hushuka. Upepo huitawanya gesi kabla haijafika kwenye ncha, hivyo siku ya upepo mkali gari huwekwa nyuma ya ukuta bila kufungiwa ndani. Mvuke wa petroli na baadhi ya sabuni huweza kufanya kipimo kilie bure, kwa hiyo kila mlio huhakikishwa kwa kurudia mara mbili au tatu.

Kwa ivaporeta, kiyoyozi huendeshwa kwa dakika kadhaa, kisha injini na feni huzimwa kwa muda wa robo saa ili gesi ijikusanye. Ncha huwekwa kwenye tundu la hewa la chini au kwenye mpira wa kutolea maji, bila kuingiza maji ndani ya kipimo.

### Ombwe na nitrojeni

Karakana yenye vifaa hutoa gesi iliyobaki kwa mashine, kisha huvuta hewa yote kwa pampu ya ombwe. Geji ikibaki palepale kwa nusu saa baada ya pampu kuzimwa, hakuna tundu kubwa. Jaribio hili lina upungufu: ombwe huvuta mipira kwenda ndani, ilhali kiyoyozi kinapofanya kazi shinikizo huisukuma nje. Mpira unaovuja kazini unaweza kushika wakati wa ombwe.

Nitrojeni kavu hutumika kujaza mfumo mtupu shinikizo ili maji ya sabuni yaonyeshe tundu. Mtungi wake una shinikizo kubwa sana, na bila regileta huweza kupasua bomba na kuua. Oksijeni haitumiki kamwe, kwa sababu ikikutana na oili huweza kulipuka. Hewa ya mashine ya kujazia matairi nayo haifai: huingiza unyevu, na ikichanganyika na R-134a chini ya shinikizo huweza kuwa mchanganyiko unaowaka.

## Kuchagua njia kwa kasi ya uvujaji

Muda uliopita tangu gesi ilipojazwa mara ya mwisho husaidia kuchagua njia:

* Gesi ikiisha ndani ya saa au siku chache, tundu ni kubwa. Macho na maji ya sabuni hutosha, na kondensa hutazamwa kwanza.
* Ikiisha ndani ya wiki au miezi, rangi ya kung'aa hufaa zaidi.
* Ikipungua kwa mwaka mmoja au zaidi, kipimo cha umeme huhitajika, na oringi, vali za midomo na mpira wa shafti ya kompresa hutiliwa shaka kwanza.

Ndiyo maana tarehe ya kujaza na uzito wa gesi iliyotiwa huandikwa kwenye daftari la gari au kwenye kipande cha karatasi chini ya boneti. Bila kumbukumbu hiyo kila fundi huanza upya.

## Kuongeza gesi bila kuziba

Desturi ya kuongeza gesi kila joto la kaskazi linapofika, bila kutafuta tundu, huonekana kuwa rahisi kwa mara ya kwanza. Hasara zake ni tatu.

Kwanza, oili hutoka pamoja na gesi. Anayeongeza gesi peke yake hupunguza kulainishwa kwa kompresa kila mwaka, na kompresa ikijisaga hutawanya vumbi la chuma katika mfumo wote. Kondensa, draya na vali huharibika pamoja nayo, na tatizo la oringi moja huwa tatizo la kiyoyozi kizima.

Pili, mfumo uliokaa wazi huvuta unyevu. Maji yakichanganyika na oili hutengeneza asidi inayokula alumini kutoka ndani. Mfumo ulioisha kabisa huhitaji draya mpya na ombwe kabla ya kujazwa.

Tatu, anayeongeza bila kujua kilichobaki hawezi kujua kipimo. Gesi ikizidi, shinikizo hupanda na baridi hupungua badala ya kuongezeka. Njia sahihi ni kutoa yote, kuvuta ombwe na kujaza kwa mizani kulingana na kibandiko.

Makopo yenye dawa ya kuziba matundu huuzwa pamoja na gesi. Dawa hiyo huweza kuganda ndani ya vali ya upanuzi au ndani ya mashine ya fundi, na mafundi wengine hukataa gari lililotiwa dawa hiyo.

## Historia na mazingira

Magari ya kwanza kuuzwa na kiyoyozi cha kiwandani yalikuwa ya Packard nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Gesi ya R-12 ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1928 na kundi lililoongozwa na Thomas Midgley. Ilionekana kuwa salama kwa sababu haiwaki na haina sumu kali. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za aina hiyo hupanda angani na kuharibu tabaka la ozoni linalozuia mionzi mikali ya jua. Pamoja na Paul Crutzen walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995.

Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987 ili kuondoa gesi hizo. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993. R-134a iliyofuata haidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia: kilo moja ikiachwa hewani ina athari ya takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Gari dogo likipoteza gramu 500 ni sawa na kutoa zaidi ya kilo 700 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo kufungua bomba makusudi ili kuimwaga gesi iliyobaki si njia inayokubalika, hata kama ni kidogo.

Mwezi Oktoba 2016 nchi zilizokutana mjini Kigali, Rwanda, zilikubaliana kupunguza gesi za jamii ya R-134a. Marekebisho ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zimepangiwa kusimamisha ongezeko la matumizi kuanzia 2024, kisha kuyapunguza hatua kwa hatua kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuizuia R-134a katika magari madogo mapya kuanzia 2017. Kadiri gesi hii inavyopunguzwa duniani, ndivyo inavyotarajiwa kuwa adimu, na gari linalovuja litamgharimu zaidi mwenyewe.

## Mwisho wa ukaguzi wa nyumbani

Mwenye gari anaweza kubadilisha kifuniko cha mdomo wa kujazia, kuosha kondensa kwa maji matamu yasiyo na kasi kubwa, na kuondoa majani chini ya kioo cha mbele. Anaweza pia kuwasha kiyoyozi kwa dakika kumi hivi kila wiki, hata wakati wa masika, ili oili iendelee kulainisha mipira.

Kufungua kiungo chochote chenye gesi, kubadilisha oringi, kuchomelea alumini au kuvunja dashibodi ili kufikia ivaporeta ni kazi ya fundi. Visiwani Zanzibar mafunzo ya ufundi hutolewa katika vituo vya mafunzo ya amali, kikiwemo cha Vitongoji huko Pemba. Taarifa zinazomfaa fundi ni hizi: aina na uzito wa gesi kwenye kibandiko, shinikizo lililosomwa na joto la siku hiyo, tarehe ya mwisho ya kujaza, na mahali palipoonekana oili, povu au mng'ao. Fundi akizipata huanza kazi kwenye kiungo chenyewe, bila kupoteza gesi nyingine akitafuta kilichokwisha kujulikana.